Jedwali ni la Nani? Kuhamisha Mfumo wa Malipo ya Korosho na Uamuzi wa Kuifikia Kanzidata

Kila ifikapo Oktoba, mizani za vyama vya msingi vya Tandahimba, Newala, Masasi na Ruangwa zinapoanza kupokea magunia ya kwanza ya korosho ghafi, hakuna mtu katika ofisi ya ushirika anayetaka kusikia habari ya kubadili mfumo wa kompyuta. Mazungumzo hayo hufanyika kati ya Machi na Julai, wakulima wakiwa kwenye palizi na baadaye kwenye kupuliza salfa. Nimekaa katika vikao vya namna hiyo mara kadhaa, Mtwara na Lindi, na karibu katika kila kikao suala la namna programu mpya itakavyoifikia kanzidata lilimalizwa kwa dakika chache: mtaalamu aliyealikwa alitaja maktaba (msimbo uliokwisha andikwa na wengine) aliyoizoea, wajumbe wakaitikia, na ajenda ikahamia kwenye bei ya kompyuta na betri. Hoja yangu ni kwamba suala hilo linastahili kikao kizima, na kwamba jibu lake halianzi na jina la maktaba bali na swali la umiliki. Katika kipindi chote cha kuhama, mwenye jedwali ni nani: ni programu mpya, au ni kanzidata yenyewe pamoja na wote wanaoiandikia?

Kwa msomaji asiye wa fani, nieleze kwanza njia zenyewe. Kanzidata nyingi za leo zimejengwa juu ya fikra ya majedwali yenye uhusiano iliyoandikwa na Edgar Codd mwaka 1970, na lugha ya kuziuliza, SQL, imekuwa na kiwango rasmi tangu 1986. Programu inaweza kubeba maulizo ya SQL yaliyoandikwa kwa mkono na kuyapeleka kupitia draiva, yaani kiunganishi kati ya programu na kanzidata, kama ODBC, iliyotoka mwaka 1992, au JDBC ya lugha ya Java, iliyotoka mwaka 1997. Inaweza pia kutumia maktaba ya kuoanisha vitu vya programu na mistari ya majedwali, ambayo wanafani huiita ORM. Hibernate ipo tangu 2001 kwa watu wa Java, na Entity Framework tangu 2008 kwa watu wa Microsoft. Hapo mwandishi wa programu hushughulika na kitu kiitwacho Mkulima, hubadili namba yake ya simu, na maktaba humtungia SQL. Kati ya njia hizo mbili ziko maktaba nyepesi, mfano wake Dapper iliyotoka mwaka 2011, ambazo humwachia mwandishi SQL yake na kumsaidia tu kugeuza majibu kuwa vitu. Njia ya nne ni kuweka hesabu ndani ya kanzidata, kama taratibu zilizohifadhiwa humo, na programu ikaziita kwa majina.

Hakuna njia iliyo mbaya kwa asili yake. Hata hivyo kila moja imebeba dhana fulani kuhusu data itakayokutana nayo, na dhana kubwa ya ORM kamili ni kwamba yeye ndiye mwandishi wa majedwali, au angalau ndiye msomaji na mwandishi wake mkuu. Katika mfumo unaoanza upya dhana hiyo ni ya kweli. Katika mfumo wa miaka ishirini, wenye majedwali yaliyoongezwa safu na watu ambao wengine wameshastaafu, dhana hiyo si ya kweli siku ya kwanza na huenda isiwe ya kweli kwa misimu miwili.

Mfumo ninaoufahamu kwa karibu zaidi uliandikwa kwa Visual FoxPro, chombo cha Microsoft cha kuandika programu za kanzidata. Toleo la mwisho la chombo hicho, la 9, lilitoka mwaka 2004, na Microsoft iliacha kulihudumia Januari 2015, lakini mfumo uliendelea kufanya kazi kila msimu, na sioni haki ya kuudharau. Ulilipa maelfu ya wakulima. Udhaifu wake ulikuwa wa kimaumbile: kila kompyuta ilifungua yenyewe mafaili ya majedwali yaliyokuwa kwenye kompyuta moja kubwa, hivyo umeme ulipokatika katikati ya kuandika, faharasa ziliharibika na kazi ilisimama mpaka zijengwe upya. Tena kila faili la jedwali lina ukomo wa gigabaiti 2, na jedwali la mizani, yaani kumbukumbu za kila upimaji, lilikuwa likiukaribia.

FoxPro humfundisha mtu kutembea juu ya jedwali. Unakwenda kwenye mstari wa kwanza wa chama fulani cha msingi, unausoma, unatafuta mkulima wake katika jedwali la pili, unasoma makato yake katika la tatu, unaandika jibu, unasogea mstari mmoja mbele. Kwenye mtandao wa ndani wa ofisi mwendo huo ulitosha. SQL haifikiri hivyo. SQL huomba kundi zima kwa mara moja na kuiachia kanzidata kazi ya kutafuta njia. Sasa, timu inapohamisha mfumo wa kutembea na kuuweka ndani ya ORM, mazoea ya zamani hupata nyumba mpya bila mtu kutambua. Msimbo unaonekana nadhifu: kwa kila mkulima wa chama, chukua akaunti yake, chukua mizani zake, chukua makato yake. Kila «chukua» katika sentensi hiyo inaweza kuwa safari moja ya kwenda kwenye seva na kurudi, kwa sababu maktaba kwa kawaida haileti data ya jedwali la jirani mpaka itakapoguswa.

Tupige hesabu. Chama cha msingi kina wakulima 800, na kila mmoja anahitaji maulizo matatu. Hizo ni safari 2,400. Seva ikiwa chumba cha pili na kila safari ikachukua nusu ya milisekunde, kazi inaisha kwa sekunde moja na kidogo, na jaribio linapita. Seva ikihamishiwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kwa barabara kutoka Mtwara, na safari ikachukua tuseme milisekunde 40, kazi ileile inachukua sekunde 96. Msimbo haujabadilika hata herufi moja. Siku ya malipo, vyama vingi vikisubiri orodha zao kwa pamoja, tofauti hiyo ndiyo foleni ya watu nje ya ofisi. Dawa yake inajulikana: kuiambia maktaba ilete majedwali yote matatu kwa ulizo moja, au kuandika ulizo hilo kwa mkono. Ninachosisitiza ni kwamba anayeandika SQL mwenyewe huiona safari kila anapoiandika, na anayeiachia maktaba huiona pale tu anapofungua kumbukumbu za seva na kuzihesabu. Katika timu ndogo za kwetu, ambako mtu mmoja ndiye mwandishi, ndiye fundi wa nyaya na ndiye anayefundisha makarani, kumbukumbu hizo hazifunguliwi mpaka watu waanze kulalamika.

Nirudi kwenye umiliki, kwa sababu hapo ndipo nilipoumia mwenyewe. Tulichagua kuhama kwa hatua: data ipelekwe kwanza PostgreSQL, kanzidata inayokaa kwenye seva, skrini za zamani za FoxPro ziendelee kuifikia kupitia ODBC, na skrini mpya za Java zichukue nafasi moja baada ya nyingine. Bado naamini hatua hiyo ilikuwa sahihi, maana hakuna ushirika unaoweza kuzima mfumo wote Julai na kuomba dua kwamba mpya utakuwa tayari Oktoba. Kwa skrini mpya tulitumia Hibernate, na tuliiacha na mipangilio yake ya kawaida. Mpangilio mmoja wa kawaida wa Hibernate ni kwamba unapohifadhi kitu kilichobadilika, inaandika safu zote za mstari, si ile iliyobadilishwa pekee. Entity Framework Core, kwa mfano, huandika zile zilizobadilika tu. Tofauti hii imo katika nyaraka za maktaba zote mbili, lakini siku tulipochagua hakuna aliyeuliza.

Karani wetu alifungua ukurasa wa mkulima mmoja ili kusahihisha namba ya simu, kisha akaitwa nje kupokea mzigo. Wakati huohuo mhasibu, kwenye skrini ya zamani, alibadili namba ya akaunti ya benki ya mkulima huyohuyo, kwa sababu akaunti ya awali ilikuwa imefungwa. Karani alirudi, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi, na programu mpya ikaandika mstari mzima kama ilivyoukumbuka: simu mpya, akaunti ya zamani. Fedha za mzee yule zilikwenda kwenye akaunti iliyofungwa, zikakaa benki kwa siku kadhaa kabla ya kurudishwa. Alikuja kutoka Nanyamba mara tatu. Mara ya tatu nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kwa upole, «Mwanangu, namba hii si niliibadilisha mbele ya macho yenu?» Sikuwa na jibu la kumpa ambalo lingemsaidia kulipa ada ya mjukuu wake.

Baadaye, nilipokuwa nasoma msimbo wa skrini za zamani, niliona jambo lililonifundisha zaidi. FoxPro inapoandika kwenye kanzidata ya mbali kupitia mionekano yake (maulizo yaliyohifadhiwa yanayotumika kama majedwali), chaguo lake la kawaida ni kulinganisha ufunguo wa mstari, yaani namba inayoutambulisha, pamoja na safu zilizobadilishwa: ikiwa mtu mwingine ameshaigusa safu uliyoibadilisha, andiko linakataliwa. Kwa hiyo chombo tulichokuwa tunakikimbia kwa sababu ya uzee kilikuwa, kwa mipangilio yake ya kawaida, kinamheshimu mwandishi wa pili kuliko chombo tulichokikimbilia. Hibernate ina dawa zake: kuna alama ya kuiambia iandike safu zilizobadilika tu, na kuna safu ya toleo ambayo hupandishwa namba kila mstari unapoandikwa ili anayekuja na toleo la zamani akataliwe. Lakini safu ya toleo hufanya kazi pale tu kila mwandishi anapoipandisha, na skrini za FoxPro hazikujua kwamba ipo. Tulilazimika kuweka kichochezi, yaani utaratibu unaojiendesha wenyewe mstari unapoandikwa, ndani ya PostgreSQL kipandishe namba hiyo bila kujali nani anaandika. Ningeanza leo, ningetumia safu iliyofichika ya PostgreSQL iitwayo xmin, ambayo hubadilika kila mstari unapoandikwa upya na mtu yeyote. Njia zote mbili zinakiri jambo moja: mlinzi wa jedwali lenye waandishi wawili lazima akae ndani ya kanzidata, wala si ndani ya programu mojawapo.

Kwa msingi huo, mwelekeo ninaoutetea ni huu. Katika kipindi cha mpito, jedwali lolote ambalo mfumo wa zamani bado unaliandikia lifikiwe na programu mpya kwa SQL iliyoandikwa kwa mkono, kupitia maktaba nyepesi, ikigusa safu zile tu inazokusudia kuzigusa. Jedwali ambalo limezaliwa na programu mpya, kwa mfano usajili wa watumiaji, maombi ya pembejeo au kumbukumbu za mafunzo, liachiwe ORM kamili, kwa sababu hapo dhana ya umiliki ni ya kweli na faida zake ni kubwa. Fomu ya maombi ya pembejeo yenye mkulima, mashamba yake matatu na mifuko ya salfa kwa kila shamba huhifadhiwa na ORM kwa mistari michache ya msimbo, uhusiano wote ukiwa umetunzwa. Kuiandika kwa mkono ni kazi ya nusu siku yenye nafasi nyingi za kukosea. Sitaki msomaji adhani kwamba nahubiri kurudi nyuma. Jedwali la zamani linapoachwa na skrini ya mwisho ya FoxPro, nalo linaweza kuingia upande wa ORM, ikiwa kuna sababu.

Kuna sehemu moja ambayo sitaiweka upande huo hata baada ya mfumo wa zamani kuzimwa, nayo ni hesabu ya malipo. Wanaoishi na korosho wanalijua neno mjengeko: kutoka bei ya mnada hutolewa ushuru, usafirishaji, magunia, gharama za ghala na makato mengine yaliyokubaliwa, kisha kinachobaki ndicho cha mkulima kwa kila kilo. Huku kusini neno hilo lina uzito. Aprili 2013 mgogoro wa malipo ya korosho ulifika mahali ambapo nyumba zilichomwa moto Liwale, na hakuna anayefanya kazi katika ushirika wa mikoa hii asiyekumbuka. Mkulima, mjumbe wa bodi ya chama au mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, anapouliza shilingi fulani imetoka wapi, jibu linapaswa kuwepo mahali pamoja na liweze kuchapishwa kwenye karatasi. Ulizo moja la SQL lenye mistari arobaini, kila kato likiwa na mstari wake na jina lake la Kiswahili, linaweza kuwekwa mezani na mhasibu akalifuata kwa kidole. Hesabu hiyohiyo ikiwa imetawanyika katika vitu sita vya programu, kila kimoja kikimwita mwenzake, haiwezi kusomwa na mtu yeyote isipokuwa aliyeiandika.

Hapo pia ndipo nusu shilingi zinapojificha. Kilo 47.5 kwa bei ya shilingi 3,127 ni shilingi 148,532.50, na benki hailipi senti hamsini. Je, ikadiriwe kuwa 148,532 au 148,533? FoxPro na aina ya namba ya desimali ya PostgreSQL hupandisha nusu kwenda juu, yaani 148,533. Lugha ya programu ya C# kwa chaguo lake la kawaida huipeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo karibu, yaani 148,532. Na ndani ya PostgreSQL yenyewe, safu ikiwa imetangazwa kama namba ya nukta inayoelea badala ya desimali, kwa kawaida jibu huangukia kwenye namba shufwa vilevile. Tena namba za aina hiyo haziwezi hata kuiandika 0.1 kwa ukamilifu. Maktaba ya kuoanisha huchagua aina ya safu kutokana na aina iliyotumika kwenye kitu cha programu, na kijana aliyeandika kitu hicho akiwa na haraka anaweza kuchagua aina isiyofaa kwa fedha bila kupata onyo lolote. Shilingi moja si kitu kwa mtu mmoja. Kwa mhasibu ambaye jumla yake haikubaliani na ya benki, shilingi moja ni usiku mzima.

Vitu vya programu vina tabia nyingine ambayo kanzidata za zamani huikataa: vinataka ulimwengu uwe wa aina moja. Mtu akichora mfumo wa mauzo ya korosho leo ataandika kwamba kila mauzo yana mnada, na maktaba itaisimamia kanuni hiyo kwa ukali. Kisha anaufikia msimu wa 2018/2019. Novemba 2018 Serikali ya Rais Magufuli iliamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likahusishwa katika kuzisomba. Kwa korosho hizo hapakuwa na bei ya mnada wala mnunuzi wa kawaida. Katika jedwali tulilolikuta, makarani walikuwa wameandika sufuri nne penye namba ya mnada, kwa sababu skrini haikuwaruhusu kupita bila kuandika kitu. Safu za malipo ya kwanza, ya pili na ya tatu nazo zilikuwapo, kumbukumbu ya miaka ambayo mkulima alilipwa kwa awamu, na kwa misimu ya karibuni mbili kati ya hizo zilikuwa tupu. SQL ya mkono inaishi na mambo haya kwa kuyataja: sharti moja kwa msimu ule, lenye maelezo ya kwa nini lipo. ORM nayo inaweza, lakini inakulazimisha ama kulegeza kanuni kwa misimu yote, ama kujenga familia ya vitu kwa ajili ya msimu mmoja.

Wanaotetea ORM kwa mfumo mzima wana hoja mbili ninazoziheshimu. Ya kwanza ni usalama: SQL ya mkono iliyoungwa kwa kubandika maandishi ya mtumiaji ndani ya ulizo ni mlango wazi kwa mhalifu, na ni kweli kwamba ORM huufunga mlango huo karibu kila mara. Jibu ni kwamba draiva zote za leo hupokea thamani zikiwa zimetenganishwa na ulizo, na kanuni ya timu iwe kwamba msimbo wowote unaobandika maandishi unarudishwa kwa mwandishi wake bila mjadala. Hoja ya pili ni nzito zaidi: safu ikibadilishwa jina, ORM inaweza kukuonya kabla programu haijaanza kazi, ilhali SQL ya mkono hushindwa siku ulizo litakapoitwa, pengine katikati ya msimu. Sina jibu jepesi kwa hilo. Tulilipunguza kwa kuyaweka maulizo yote katika mafaili yake mahali pamoja na kuyaendesha yote, kila yanapobadilika, dhidi ya nakala halisi ya PostgreSQL yenye data ya msimu uliopita.

Kuchanganya njia mbili nako kuna gharama. ORM inaweza kuwa imeshikilia mabadiliko kwenye kumbukumbu yake, haijayaandika bado, na SQL ya mkono ikasoma jedwali likiwa na hali ya zamani. Au SQL ya mkono ikaandika, na ORM ikaendelea kuamini nakala yake. Tulikubaliana kwamba muamala mmoja upite njia moja tu tangu mwanzo hadi mwisho, na ikibidi zikutane, ORM ilazimishwe kwanza kuandika yote iliyoshika kisha isahau ilichokisoma. Taratibu zilizohifadhiwa ndani ya kanzidata tulizitumia kidogo sana, kwa vichochezi na kwa kufunga msimu. Zina kasi, lakini hatukuwa na mtu wa pili aliyeweza kuzirekebisha.

Hilo la mtu wa pili lina uzito mkubwa kwangu katika uchaguzi wote. Mkandarasi akimaliza kazi anarudi Dar es Salaam. Anayebaki ni fundi wa ofisi, na mara nyingi ni kijana mmoja mwenye bidii ambaye amefundishwa SQL chuoni na hajawahi kukutana na Hibernate. SQL aliyojifunza itamfaa kwa miaka mingi. Maktaba hubadilika kwa kasi nyingine. Entity Framework Core ya mwaka 2016 iliandikwa upya badala ya kuendelezwa kutoka ile ya kwanza, na watu wa Java wamelazimika kubadili majina ya vifurushi katika msimbo wao wote kiwango chao cha kuoanisha kilipohama kutoka jina la javax kwenda jakarta. Ofisi yenye wahandisi kumi huyamudu mabadiliko hayo kama kazi ya kawaida. Ofisi yenye fundi mmoja huyaahirisha, na baada ya miaka kadhaa inakuwa na FoxPro nyingine.

Kilichonithibitishia mwelekeo huu ni zoezi la kulinganisha. Kabla ya kuzima skrini yoyote, tulizichukua hesabu za msimu mmoja uliokwisha na kuziendesha pande zote mbili, kisha tukalinganisha jumla kwa kila chama cha msingi na kila mnada, mpaka shilingi ya mwisho. Ripoti ya Newala ilikataa. Mfumo wa zamani ulitoa kilo nyingi kuliko mpya, na kwa siku mbili tulitafuta mizani zilizopotea ambazo hazikuwa zimepotea. Sababu ilikuwa mpangilio wa FoxPro wa kulinganisha maneno. Usipouamuru kulinganisha kikamilifu, huishia pale neno la kulia linapoishia, kwa hiyo «NEWALA MJI» kwake ni sawa na «NEWALA». Ripoti ya halmashauri ya wilaya ilikuwa ikibeba na mji ndani yake tangu majina hayo mawili yalipoanza kutumika.

Tulipompelekea mama mhasibu, mtu aliyekaa na mfumo ule kwa muda mrefu kuliko sisi sote, hakushangaa. «Mwanangu, hiyo naijua,» alisema. «Huwa nautoa mji kwa kalamu kabla sijapeleka juu.» Kwa hiyo kanuni sahihi ilikuwepo miaka yote, nje ya kompyuta, katika mkono wake. Nilimchapia ulizo jipya, nikamwonyesha mstari wenye sharti la jina, naye akaniuliza kama mstari huohuo unaweza kutenganisha korosho za daraja la kwanza na la pili, maana hilo nalo alikuwa akilifanya kwa kalamu. Mazungumzo hayo yasingewezekana kama kanuni ingekuwa imefichwa ndani ya SQL ambayo maktaba huitunga wakati programu inaendeshwa, ikiwa na majina ya safu yaliyobadilishwa kuwa herufi na tarakimu. Baada ya siku hiyo alipitia maulizo yote kumi na moja ya malipo, akatusahihisha mawili.

Limebaki suala la mistari iliyofutwa, ambalo katika miradi mingi hukumbukwa kwa kuchelewa. FoxPro haifuti mstari pale unapoamuru ufutwe. Huuwekea alama tu, na mstari hubaki ndani ya faili mpaka mtu aendeshe amri ya PACK. Skrini zimepangwa zisiionyeshe mistari yenye alama, lakini chombo cha kunakili data kinaweza kuisoma yote, nasi tulipohamisha kwa mara ya kwanza tulifufua wakulima waliokuwa wamefutwa kwa kusajiliwa mara mbili. Wenzangu walitaka tuendeshe PACK, tuhamishe kilicho hai, yaishe. Nilipinga. Tuliihamisha mistari yenye alama kwenye jedwali lake la kumbukumbu, la kusomwa tu, tarehe tupu za FoxPro zikigeuzwa kuwa pengo halisi na nafasi za ziada mwishoni mwa majina zikiondolewa, maana PostgreSQL, katika safu za aina ya text, huzihesabu kama herufi nyingine yoyote.

Mwaka uliofuata alikuja mama mmoja kutoka Nachingwea na stakabadhi ya mwaka 2011 ya marehemu mume wake, akitaka kujua kama malipo ya mwisho ya msimu ule yalitolewa. Jina lilikuwa miongoni mwa yaliyowekewa alama, pamoja na kilo zake na tarehe ya kusaini. Tulilipata kwa ulizo la mistari minne.